Paipu ya Kurudisha Petroli

Basi la Migori lilipotoka Homa Bay, Wesley aliacha kusoma gazeti. Kiti cha mbele yake, fundi mmoja alikuwa amepakata paipu nyembamba ya shaba kama mtoto mchanga.

"Hiyo ni ya nini, baba?" akauliza mama muuza mafuta ya taa aliyeketi kando ya fundi.

"Ya gari ya Pijo ya marehemu mzee wangu, mama. Mlimani petroli inachemka njiani, gari inazima. Hii itarudisha inayozidi kwa tangi, isikae ikapata joto. Jumamosi inabeba binti yangu, bibi harusi."

"Si ufunge pampu kitambaa kilicholowa maji ipoe, kama wengine?"

"Bibi harusi ashuke kukamua matambara?"

Mama akacheka. "Na itaingia tangi vipi?"

"Nachomelea leo. Tangi nimeshaimwaga petroli yote, imekauka."

Kicheko kikamwisha. "Iliyokauka ndiyo hulipuka, mvuke wa petroli hubaki ndani. Pipa alilochomelea marehemu mume wangu lilikuwa limekauka. Jaza maji kwanza."

"Maji? Itashika kutu, gari izime kabla ya kanisa!"

"Basi aende kwa miguu, lakini na babake."

Wesley, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, aliinama mbele asikie vizuri. Basi likasimama Uriri. Fundi akashuka na paipu yake, kisha akarudi kwenye dirisha la mama.

"Mama, maji yajae yote, ama nusu?"