Josué Akili na Mstari Aliouficha

Ndugu waombolezaji, papa na maman mliofika hapa Nyantende, familia inawasomea, kwa sauti ya mjomba wake Steve, maisha ya Josué Akili Kalume, na inawaomba uvumilivu, maana si yote yanayosomeka kirahisi.

Josué alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu wa papa Constantin Kalume na maman Marcelline, akaanza shule ya msingi mwaka 1995, akaenda Bukavu kwa masomo ya sekondari, akapata diploma ya Serikali mwaka 2008 na graduat, shahada ya miaka mitatu, ya informatique, yaani elimu ya kompyuta, mwaka 2012.

Mwaka 2013 aliajiriwa katika ofisi moja mjini, akawafundisha wenzake wawili kila alichokijua bila kubakiza kitu, na walipokwisha kujua, tarehe 30 Novemba 2018, akaambiwa mkataba wake umeisha, jambo lililomkaa rohoni hadi mwisho. Wakati huo alikuwa amekwisha kufunga ndoa na Godelive, mshonaji wa mtaa wa Cimpunda, tarehe 6 Agosti 2016, na Mungu aliwajalia mabinti wawili, Ornella mwaka 2018 na Tatiana mwaka 2021.

Januari 2020 aliingia katika maabara moja ya Ibanda inayopima sampuli za wagonjwa, ambako programu za kusoma majibu hukaa ndani ya kontena, yaani visanduku vya ndani ya kompyuta, kila programu na vifaa vyake, na kila asubuhi, au kila umeme ulipokatika, ilibidi kuandika amri kumi na mbili ndefu ili visanduku vinne viamke, na ukikosea moja tu, majibu yalitoka ya uongo. Juni 2021 Josué aliandika skripti fupi, yaani faili inayotekeleza amri zote yenyewe, akaiita Amuka, ikawa mfanyakazi anaandika neno hilo moja tu, nayo inachagua toleo sahihi la kila programu, inaunganisha faili za wagonjwa na kuviamsha visanduku vyote kwa zamu. Lakini mwishoni aliongeza mstari mmoja ulioomba namba ya siri, na namba hiyo ilifika katika simu yake peke yake. Kazini alisema ni usalama, nyumbani alimwambia Godelive ukweli, kwamba safari hii hawatamtupa.

Februari 2025 figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na maabara ikawa inatuma gari na kulipa matibabu, na Godelive aliamini kwa moyo wake wote kwamba wanafanya hivyo kwa sababu ya ule mstari. Septemba macho yake yakafifia, Godelive akawa ndiye anayesoma namba na kumtajia Lydie, mfanyakazi mwenzake Josué wa maabara, kwa simu. Alhamisi tarehe 9 Oktoba Josué alizimia, simu ikaita bila mtu kuisikia, na wagonjwa kumi na saba waliohofiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza wakakaa kutwa nzima katika chumba cha kutengwa wakingoja majibu.

Alipozinduka na kuambiwa hayo, alilia. Jumamosi alimwomba Godelive afungue kompyuta yake, iliyounganishwa na zile za maabara, akamwelekeza herufi kwa herufi hadi kwenye ule mstari, akamwambia aufute. Godelive alishika kompyuta ile akiona mbele yake mume asiye na gari wala dawa, akasema amefuta, na hakuwa amefuta. Josué akamwomba aandike Amuka, na simu ikalia chini ya mto.

Hakumgombeza, alimtafuta mkono tu, akasema, "Maman Ornella, ile mustari ingali mule ndani, futa tu, batu beko banangoya," yaani watu wanangoja majibu yao. Godelive akaufuta akilia, akaandika Amuka tena, visanduku vinne vikaamka, na simu ikakaa kimya. Josué alifariki Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita. Ni Godelive mwenyewe aliyetaka haya yasomwe, kwa kuwa hataki kuzika uongo pamoja na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi dakika ya mwisho, majirani wa Cimpunda waliombeba kwenye kiti hadi barabarani kila siku ya matibabu, na wenzake wa maabara. Lydie ametueleza kwamba tangu Agosti mwaka huu walikuwa wamegundua ule mstari ulipo ndani ya Amuka na wangeweza kuufuta wenyewe, ila walimwachia ili asijione ametupwa, na ile Alhamisi walijaribu kuviamsha visanduku kwa zile amri kumi na mbili bila kuugusa, wakachelewa, na gari walilituma kwa sababu walimpenda. Josué hakulijua hilo, wala Godelive hakulijua hadi jana.

Pumzika kwa amani, baba Ornella, hakuna aliyetaka kukutupa.