Shangazi Aliyesikiliza kwa Kitambaa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Shangazi anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 31 Agosti. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini ukilitaja hapa kazini watu watakuuliza huyo ni nani. Kwa mkurugenzi yeye ni Shangazi, kwa madereva ni Shangazi, na hata mlinzi wa getini, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, naye humwita hivyo hivyo bila aibu.

Aliajiriwa kufanya usafi, mwaka mmoja baada ya Wageni kushuka kutoka kwenye nyota yao na kupewa ukumbi wa ghorofa ya tatu. Wafanyakazi wapya wafahamu kwamba wakati ule hakuna aliyejua kama Wageni wana lugha. Ni viumbe warefu, wapole, wenye unyevunyevu, na mwendo wao ni wa taratibu mno, kama nguo zinazopepea kambani. Hawatoi sauti. Wataalamu walitega vinasa sauti kila kona, wakaambulia mlio wa feni. Shangazi yeye alikuwa na kero moja tu: kila asubuhi alikuta vioo vya ukumbi vimejaa ukungu wa samawati, wenye mawimbi na mikunjo, usiokauka wenyewe hata siku tatu. Akawa anavifuta. Kesho yake anavikuta vimejaa zaidi, anavifuta tena, huku akinung'unika kwamba kuna wageni na wageni.

Ukungu ule ndio uliokuwa maneno yao.

Siku hilo lilipogundulika, wataalamu walishika vichwa, maana miaka mitatu ya mazungumzo ilikuwa imeishia kwenye ndoo. Shangazi akapigwa marufuku kugusa kioo. Haikupita wiki mbili, Wageni wakaacha kupumulia vioo. Walijikunyata ukutani, wamepauka, na daktari akaandika kwamba hawatamaliza mwezi. Shangazi hakuandika kitu. Aliingia na kitambaa chake, akasimama mbele ya kioo cha kwanza, akakitazama mwanzo hadi mwisho, ndipo akakifuta. Alipofika kioo cha tano, Mgeni mmoja alisogea nyuma yake akaanza kupumua upya.

Hivyo ndivyo tulivyoijua kanuni ya Kimvuke, kama tunavyoiita lugha yao. Neno likishasemwa hubaki kwenye kioo mpaka aliyelipokea alifute, na kufuta ndiko kusema nimekusikia. Neno lisilofutwa humrudia msemaji kama chakula kilichokataliwa, na maneno hayo yakizidi humuua. Watoto wao hupumulia upuuzi mtupu kutwa nzima, na mama zao hufuta wote bila kuruka.

Idara ya utumishi ilihangaika miaka minane kumtafutia cheo, hatimaye ikampa Msikilizaji Mkuu. Yeye aliendelea kuvaa aproni yake. Alisoma kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu maneno ya furaha yana joto kidogo, na alituachia daftari la maneno mia nne. Limo neno la mvua inayonyesha mahali ambapo hutafika tena. Limo neno la usingizi wa mtu unayemlinda. Ukiingia naye ukumbini asubuhi, mwanga wa samawati umewafunika nyote, ulikuwa unatoka nje saa sita ukidhani umekaa dakika kumi. Mume wake, fundi cherehani, hulalamika kwamba hata kioo cha bafuni nyumbani hakifutwi mpaka kwanza kikaguliwe.

Sasa tuseme ukweli. Shangazi aliahirisha kustaafu mara mbili, na magoti yake yanajua. Wageni walikuwa hawamwandikii mtu mwingine. Angeondoka bila mrithi, wangenyamaza kama mara ile, na safari hii hakuna ambaye angewaokoa. Mrithi aliyeteuliwa ni mimi ninayeandika haya, na kwa miaka minne sikuandikiwa hata nukta. Nilifuta vizuri yale aliyoandikiwa yeye, sikuacha mstari. Shangazi aliniambia kwamba nafuta kama mtu anayewahi chakula cha mchana.

Mwezi Juni, Mgeni mzee kuliko wote alipumulia kioo kizima neno moja, kwamba mahali pa anayeondoka hubaki na joto. Nilijua anamsema nani. Nilianza kufuta, mkono ukagoma katikati, nikasimama pale na nusu neno nikilia kama mtoto. Nikajua nimeharibu kazi ya watu. Mgeni alikuja akasimama kando yangu, hakuondoka, mpaka nikaweza kumalizia. Asubuhi iliyofuata kioo cha upande wangu kilikuwa na neno langu la kwanza. Shangazi alilisoma, akanipiga kofi la mgongo, akaenda kuandika barua ya kustaafu.

Siku yake ya mwisho ukumbini ilikuwa Jumatano. Miaka yote hiyo alikuwa msikilizaji tu, kwani pumzi yetu binadamu haina rangi na hukauka kabla hujahesabu kumi. Jumatano alikunja kitambaa, akakiweka mfukoni, akasogeza uso kwenye kioo cha kati akapumua. Kidole chake kilichora haraka neno ambalo sikuweza kulisoma kutoka mlangoni. Kingo zake zilianza kukauka hapo hapo, na Wageni wote kumi na mmoja walikuwa ng'ambo ya ukumbi.

Katika miaka thelathini na mitano hakuna aliyewahi kuwaona Wageni wakikimbia. Jumatano walikimbia, wakigongana, wakiteleza, mdogo akiangukia mkubwa, na wote kumi na mmoja wakalifuta kwa pamoja.

Shangazi, ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo acha tukuambie sisi uliotulea: waliliwahi neno lako. Asante kwa yote. Kapumzike sasa, magoti yapone, na maisha yakuwie mema.