Bi Ukungu na Picha Zisizooshwa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuyatazama mawingu kutoka juu, Bi Ukungu anastaafu. Ni mtabiri mwandamizi wa hali ya hewa na mkuu wa dawati la picha za setilaiti, dawati lenye mtu mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Wahariri wa jarida letu wameniomba, kwa kuwa vyumba vyetu vimepakana, niandike maneno matamu. Ninayo, na mtayapata. Lakini nianze kwa kusema kwamba nimekasirika, maana kuanzia Jumatatu chumba chake kinageuzwa stoo ya viti, na hakuna aliyeteuliwa kushika kazi yake.

Alianza enzi ambazo picha zilitoka kwenye mashine moja zikiwa na unyevunyevu, zikaanikwa kwenye kamba kama nepi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye shahada mpya na mdomo usio na breki. Mkuu wake wa kwanza alimwambia aina zote za mawingu zinajulikana na zimebandikwa pale ukutani. Akamjibu kwamba mawingu yenyewe hayajalisoma hilo bango. Makali hayo hayajapungua mpaka leo. Kila mtu kwake ni "mwanangu," mkurugenzi akiwemo, na mkurugenzi hapendi.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, huapa kwamba nguo zao hunyeshewa kuliko za mtaa mzima. Mkewe akitoka kuanua husimama uani akilitazama wingu mpaka limmwagikie.

Jina la Bi Ukungu alilipata kwa kosa, na ni yeye aliyetaka liandikwe hapa badala ya lile la kitambulisho. Asubuhi moja aliona weupe mpana umetanda juu ya ziwa, akatoa tahadhari ya ukungu, na uwanja wa ndege ulio ufukweni ukazuia ndege zote. Marubani walibaki wakitazamana kwenye jua kali. Ule weupe ulikuwa mng'ao tu: jua lilipiga maji yaliyotulia, likarudi moja kwa moja kwenye jicho la setilaiti. Alikwenda mwenyewe uwanjani kuomba radhi, kaunta kwa kaunta. Marubani wakamwita Bi Ukungu, naye akaitika. Tangu hapo, kila mwajiriwa mpya alianza kwa kuonyeshwa picha ile. "Huu ndio ujinga wangu," alikuwa akisema, "nanyi katafuteni wenu."

Sasa nieleze kuosha, kwa wale wa masijala na uhasibu wasiojua maana yake. Picha za setilaiti kabla ya kutufikia hupitia programu iliyoagizwa kuzisafisha. Chochote kisichofanana na mawingu inayoyajua, iwe mstari, duara au tundu, huhesabiwa kuwa kasoro ya picha, kikafutwa. Bi Ukungu hakuwahi kumwamini dobi huyo. Chumbani kwake alihakikisha zinaingia picha mbichi, akazipitia kwa jicho kutafuta lile wingu lisilofanana na mengine. Aliona matundu ya mviringo yaliyotobolewa na ndege zilizopita. Aliona mikunjo nyuma ya milima iliyopangika kama nywele zilizosukwa. Mengi ya aliyoyashuku yalikuwa kasoro kweli, na hakuona haya kusema hivyo.

Kisha ikaja siku ya shule. Mvua ya radi ilikuwa imefia mbali, na huku mjini jua liliwaka. Kwenye picha mbichi akaona uzi wa wingu umepinda kama mkono wa ndoo, unakimbia kutoka pale mvua ilipofia. Alijua ni nini: hewa baridi iliyoporomoka pamoja na mvua, ikafika chini ikasambaa, ikileta upepo wa kung'oa. Kwenye skrini zetu hapakuwa na kitu, maana uzi ulishaoshwa. Akaja mbio na picha yake. Mkurugenzi akamuuliza kama safari hii nayo ni ukungu, na baadhi ya watu wazima wenye elimu zao wakacheka. Tahadhari haitoki, akaambiwa, mpaka picha safi ithibitishe.

Kwenye njia ya uzi ule palikuwa na shule ya msingi ambayo madarasa yake yalikuwa yameezuliwa kwa matengenezo. Watoto walikuwa wanasomea kwenye mahema. Bi Ukungu hakubishana tena. Aliitafuta namba ya mwalimu mkuu, akapiga. "Mwalimu, mimi mama wa hali ya hewa. Toa watoto kwenye mahema sasa hivi, utanitukana baadaye." Mwalimu mkuu, apewe heshima yake, hakuuliza kibali. Aliwaingiza wote kwenye bwalo la matofali. Upepo ulipofika uliyang'oa mahema na vyuma vyake, moja likaenda kutua barabarani. Hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo.

Asante ya punda ni mateke. Alipewa onyo kali kwa kutoa tahadhari bila kibali, na cheo kilichokuwa kinamngoja akapewa mwingine. Mwisho wa mwaka taarifa ya mkurugenzi ikajigamba kwamba idara iliokoa wanafunzi. Na linalonichoma zaidi ni hili: picha zilizohifadhiwa za mchana ule ni zile zilizooshwa. Ukizifungua, anga ni safi. Kwa mujibu wa ofisi yetu, upepo ule haukutoka popote.

Leo atavishwa kilemba cha ukoka, apewe na saa ya ukutani. Mkurugenzi ameshatuambia yaliyopita si ndwele. Haya, tugange yajayo: Jumatatu nani atazitazama picha mbichi? Nimejibiwa kwamba mtambo unatosha. Mimi sina ugomvi na mtambo. Unafuta kwa sababu umeagizwa kufuta. Ugomvi wangu ni na walioagiza. Wahariri wakiikata aya hii, mjue nayo imeoshwa.

Bi Ukungu hakuomba saa. Alipoulizwa kikaoni anataka zawadi gani, alisema anataka mtu kwenye kiti chake. Akaambiwa bajeti ya zawadi haifiki huko, na kicheko kikapita tena mezani. Nilikuwa nimekaa kando yake. Aligeukia dirishani, akayatazama mawingu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo watu wa stoo wapate taarifa: viti mlivyoanza kuviingiza chumbani kwake nimevitoa, viko koridoni. Ufunguo ninao, amenikabidhi mwenyewe. Jumatatu nikimaliza zamu yangu nitakaa pale, na kila siku itakayofuata, mpaka ateuliwe mtu wa kazi hiyo au mpaka nitolewe. Anayetaka kunipa onyo asihangaike kunitafuta.

Bi Ukungu, asante kwa jicho lako, na kwa ulimi uliotutolea uvivu tulipostahili. Mungu akupe afya, amani na siku nyingi pamoja na mzee wako. Maisha yawe mema kwako, mama. Lala mchana kutwa ukitaka. Nikiuona uzi, nitampigia mwalimu kwanza; kibali nitakiomba baadaye.