Mwizi wa Watu Wasio na Milango

Benchi letu la mtaa wa Lindi liko kati ya kibanda cha Osewe, fundi wa kufuli, na jiko la Filister, muuza kahawa. Ni refu, la mbao ngumu, na mgongoni limeandikwa namba 14 kwa rangi nyeupe. Osewe huitwa Komeo. Mwanzia, anayelinda ghala usiku na kuja hapa asubuhi kupigana na usingizi, huitwa Macho Kodo. Jina hilo alipewa na watu waliomkuta kazini ameyafumba yote mawili. Mimi ni Mzee Oketch, na jina la utani sina kwa sababu nilikataa. Jumamosi moja Whitney, binti wa Filister, alifika na simu mkononi na uso wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

— Niaje wazee. Nisaidieni, nina hadi saa nne.

— Saa nne kuna nini? Komeo aliuliza.

— Fom ya gemu. Leo jioni tunacheza Riruta, timu ya watu watano. Mimi ndiye mwizi.

Filister aliacha kumimina.

— Wewe ndiye nani?

— Mwizi wa gemu, mathe. Kila mchezaji anajifanya mtu wa hadithi. Kuna mganga, kuna mpiganaji, kuna mwizi. Na mwizi lazima achague njia moja. Muuaji, huyo ni wa sumu na kisu. Mporaji, anapigana mchana watu wakiona. Ama Kivuli, huyo anapita tu bila kuonekana. Ukishatuma, haubadilishi.

— Weka yoyote, alisema Macho Kodo. Mwizi ni mwizi.

— Zii! Lazima njia ilingane na kabila la mtu wako na hadithi yao. Mwaka jana nilikuwa na jitu la mlimani, nikalifanya Kivuli. Jaji akaniuliza, jitu la futi kumi linajificha wapi? Nikatolewa. Nikitolewa tena, nafasi yangu inaenda kwa Geoffrey.

— Geoffrey yupi? niliuliza, maana Lindi ina wawili.

— Yule wa kucheka na pua.

Hapo hata Macho Kodo alikaa wima. Huyo hakuna aliyetaka apewe nafasi ya mtu.

— Na kabila la huyo mwizi wako linaitwaje? niliuliza.

— Wazindu.

— Kwa herufi zeti?

— Kwa zeti, mzee. Ni wafupi, wanaishi ndani ya kilima. Kila kitu ni cha wote, na nyumba zao hazina milango.

Komeo aliweka kikombe chini polepole.

— Hazina nini?

— Milango.

— Hata kitasa?

— Hata pazia.

— Hao si watu. Hao ni mbuzi.

— Wafupi, umesema? Macho Kodo alidakia. Basi hiyo imeisha. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hao hawahitaji kuinama, washafika! Ni wezi wa kuzaliwa. Weka Muuaji. Anakaa chini ya kitanda, anakudunga kisigino.

— Na sumu atatoa wapi? Filister aliuliza.

— Hapo hapo chini ya kitanda. Kwani kwako kuna nini huko?

— Chunga mdomo, Mwanzia.

— Wachana na huyu, alisema Komeo. Sikia mimi, miaka ishirini kwa kufuli. Mwizi wa kufuli ni mtu mpole, hata viatu anavua. Sasa huyu wa Wazindu hajawahi kuona kufuli, hana adabu. Ni Mporaji. Anakuja na rungu, anafukuza kilima kizima, halafu anajenga mlango wa kwanza na kufungia vitu vyote ndani. Penye nia pana njia, na penye njia pana mlango!

— Kwa hivyo mwizi ni fundi, Whitney alisema.

— Kwa hivyo mwizi ni wewe, Komeo, Filister alisema.

— Bado! Macho Kodo aliinua kidole. Huyo Mzindu alitaka kuwa soja, mlinzi kama mimi. Lakini bila mlango, soja atalinda nini? Akanyimwa kazi, akaudhika. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Na paka akilala? Filister aliuliza, na kidole kikashuka.

— Wazee, zimebaki dakika kumi, Whitney alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Kitu kikiwa cha wote, mtu anaiba nini? Hapo ndipo jaji atanishika. Mzee Oketch, sema.

Nilisema kwamba mambo ya wizi siyajui sana, ila mtu akikaa na watu anaowajua kwa majina yao kamili, hana la kuhofia.

Wakati huo mwanamke mmoja alifika na kufuli iliyokwama. Alijitaja kuwa Kasyoka, mfagiaji wa kanisa kule Kongo, Kawangware. Tulisogea, akaketi. Akapapasa ubao. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya benchi, akatazama.

— Samahani. Hili benchi mlilitoa wapi?

Komeo aliigeuza ile kufuli kana kwamba hajawahi kuona kufuli. Macho Kodo alifumba macho, safari hii kwa makusudi. Filister alisema kahawa imeisha, nami niliisikia ikichemka. Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyelileta. Nilikumbuka asubuhi yenyewe tu, miaka sita iliyopita: lilikuwepo, tukaketi.

— Nauliza tu, alisema Kasyoka. Kwetu kanisani namba kumi na tatu iko, namba kumi na tano iko. Na ni refu hivi. Kutoka Kongo hadi hapa, hakuna mtu aliliona?

Nilisikia kidole cha Whitney kwenye simu. Alikuwa anaandika mbio.

— Unaweka nini? mama yake alinong'ona.

— Kivuli. Anachukua kitu cha wote, anakiweka mahali pa wote, na wote wanakikalia. Nani atauliza?

Alituma. Baada ya muda simu ikalia.

— Nimepita! Jaji anasema huyu ndiye mwizi wa kwanza anayeaminika leo.

Hakuna aliyempigia makofi. Kasyoka alikuwa ameshika ncha moja ya benchi, anangoja. Whitney aliitia simu mfukoni, akashika ncha ya pili.

— Kwenda Riruta napitia Kongo, alisema. Wazee, simameni.