Sinia la Mwalimu Katarina

Miaka thelathini na minne kazini, na sijawahi kuona kucha zake bila masizi! Mwalimu Katarina Ulimboka, mzaliwa wa Mamboya, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, na shule yetu hapa Msowero inamuaga kwa vigelegele.

Alianzia Rudewa mwaka 1991, akahamia kwetu 2003. Rangi za kuchorea hazikuwepo, naye hakuzisubiri. Alikoroga masizi ya sufuria kwa uji mwembamba, akatandika karatasi ndani ya sinia, akachovya gololi tatu na kuziachia humo. Watoto wawili hulishika sinia, mmoja huku mwingine kule, wakaliinamisha, na gololi huchora zinakotaka zenyewe. Kufuta ni marufuku. Mimi, mwalimu wa Hisabati, nilimuuliza mbele ya wenzangu mchoro wa kubahatisha unasahihishwaje. Akanijibu kwamba haukosewi, ndiyo maana wanaokimbia somo langu hukimbilia lake. Ofisi nzima ilicheka, nami nikanuna wiki nzima.

Mwaka 2014 hakuna aliyecheka. Ng'ombe wa Mzee Malimi waliingia kwenye mahindi ya Bwana Marko, na ugomvi ukafika darasani. Asubuhi moja Marko alikuja kudai binti yake, Happyness, asikae dawati moja na Kulwa, binti wa Malimi. Muda si muda Malimi naye akatokea, amekuja kumwondoa Kulwa shuleni kabisa. Nilijua akiondoka hasomi tena. Mwalimu Katarina alimwamkia Malimi, akamsalimu Marko, akawaomba wamshikie sinia kidogo.

Walilishika kwa hasira. Marko akavuta, gololi zikakimbilia uvunguni, na watu wazima wawili wakapiga magoti kuzitafuta. Safari ya pili ilibidi watazamane. Mchoro ulipokamilika, kila mmoja aliutaka nyumbani kwake! Mwalimu aligoma kuukata, akautundika ofisini. Kulwa alibaki, kwenye dawati lile lile na Happyness. Leo Kulwa ni muuguzi Mikumi, na yeye na Happyness wameketi safu ya mbele.

Mwalimu Katarina, umegawa michoro yote, kwako hakuna hata mmoja. Tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakuombea afya, mvua za wakati na siku nyingi za furaha huko Mamboya. Lakini usiondoke kwanza. Baada ya chakula, Mzee Malimi na Bwana Marko watalishika tena sinia, na mchoro wa leo ni wako.