Mama Kikomo na Kiti Kilichoshuka Ngazi

Miaka ishirini na sita na miezi minne. Huo ndio utumishi wa dalali wetu mkuu wa hisa, mama tunayemwita Mama Kikomo, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Walitajwa wawili wenye digrii waandike wasifu huu. Nikakataa. Mimi bawabu nimemfungulia mlango tangu siku yake ya kwanza. Anayemjua kunishinda ajitokeze.

Alitokea duka la kubeti mpira, hapo ng'ambo ya barabara, alikokuwa dirishani akikata mikeka, yaani zile tiketi za ubashiri. Madalali wa juu walimcheka: eti muuza mikeka ataijulia wapi hisa! Lakini dirishani pale aliona mengi. Aliona watu wakiweka pesa kwa timu ya moyoni na huku straika wake yuko kitandani na plasta ya mguu. Aliona mkeka wa mtu ukichanika saa tisa, dau limeliwa, na saa tisa na nusu mtu yuleyule amerudi na dau mara mbili, mishipa imemtoka. Tena aliona wachache, wa kuhesabu kwa vidole, wenye dau lao lilelile kila wiki; wanaandika sababu kwenye kidaftari, wakipigwa wanakwenda zao nyumbani. Hao, husema, ndio waliozeeka na viatu miguuni. Mmoja wao ni mimi.

Basi akaileta adabu hiyo ghorofani. Dalali kabla hajanunua hisa aandike: nanunua kwa nini, nitavumilia hasara mpaka wapi, nitatoka lini. Kikomo kikifika, mimi napanda, nabeba kiti chake nakiteremsha mlangoni. Asiye na kiti hana biashara mpaka kesho. Hata aliyepata faida bila kuandika sababu, kiti kilishuka, maana bahati si kazi. Wa kwanza kunyang'anywa alikuwa yeye mwenyewe, wiki ya pili ya desturi hiyo, na akanisaidia kukibeba.

Sasa ile siku ya hisa za kiwanda cha saruji. Bei inaporomoka, na mkurugenzi wetu amefika kikomo chake saa nne asubuhi. Nikakishusha kiti chake, cha ngozi, kizito kama ndama. Akanifuata mbio, tai begani, anataka kununua mara mbili ili arudishe iliyopotea. Akaniambia nichague: kiti au kazi. Nikakikalia.

Mama Kikomo akashuka, akasimama kati yetu. Alikuwa na mapacha shuleni na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Akasema bawabu akifukuzwa, naye anaondoka. Mkubwa akitaka anunue kesho, akili ikiwa imepoa, leo hapana. Mkurugenzi alifoka mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akapanda ngazi, mikono mitupu. Kufika saa kumi, hisa zile zilikuwa nusu ya bei ya asubuhi. Hakutushukuru. Aliagiza tu desturi ya kiti ibandikwe ukutani, na mpaka leo ipo.

Wa juu husema kampuni iliokolewa na mama. Sawa. Lakini kiti kilikaliwa na nani?

Mwezi jana wakampa barua: aongeze miaka miwili. Akashuka nayo kwangu, moyo umegawanyika. Kazi anaipenda, na wajukuu wanamngoja. Nikamwambia afungue kidaftari chake cha kwanza. Kumbe hata kazi yenyewe aliiandikia; pale kwenye nitatoka lini, kwa mwandiko wake: nikifika miaka sitini, hata kama nashinda. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akairudisha barua.

Kiti chake nimeshakishusha, nimekifuta vumbi, nimekaza na ule mguu uliokuwa ukilegea. Ijumaa nitakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na asije kijana yeyote kunisaidia.

Mama, ahsante kwa kutufundisha kuinuka. Kikomo kimefika, nawe unatoka na faida. Afya iwe yako, wajukuu wakuchoshe vizuri. Nenda ukakae.