Bastola ya Kwanza ya Wambeti

Benchi letu liko mtaa wa Dallas, hapa Embu, mbele ya duka la Wambeti la kushona nguo, mahali mabati yametokeza kiasi cha kukinga watu watano wasinyeshewe. Ilikuwa Julai, ile baridi ya ukungu inayoshuka kutoka mlimani na kukaa wiki nzima. Saa kumi jioni tulikuwa wanne kama kawaida. Kulikuwa na Njeru, tunayemwita Profesa kwa sababu alifanya kazi ya maabara shuleni miaka thelathini. Kulikuwa na Gachoki wa boda boda, jina lake la benchi Satelaiti, kwa maana habari humfikia kabla haijatokea. Mzee Njuki alistaafu polisi wa utawala, na yeye ni Ghala, kwa sababu kazini ndiye alikuwa anashika funguo za ghala la silaha. Mimi natengeneza simu kwa kibanda cha kando, wananiita Chaja. Kahawa ilikuwa ya Wambeti, iko na tangawizi nyingi, na ndiyo ilikuwa imetuweka hapo.

Siku hiyo alitumiminia, halafu badala ya kurudi kwa cherehani akakaa na sisi. Wambeti huwa hakai. Akasema cheti chake cha serikali kimetoka. Ameruhusiwa kununua bastola ya mashindano, na hajui achukue gani.

Mtu mwingine angeshtuka. Sisi tulijua ametoka wapi. Zamani alikuwa ameajiriwa kwa duka la mbegu na dawa za shambani huko Nkubu. Asubuhi moja wanaume wawili waliingia wakauliza mbegu ya mahindi, na mmoja akamwekea bastola hapa, katikati ya paji la uso. Walichukua walichochukua wakaenda. Hawakumgusa, lakini yeye hakurudi kazini tena. Alikuja nyumbani Embu akafungua hili duka, na kwa mwaka mzima, bomba la moshi la pikipiki likilipuka barabarani, tulikuwa tunamwona akiingia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Satelaiti alianza kuzima pikipiki pale kona na kuisukuma hadi kwa benchi. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Kisha klabu moja ya kulenga shabaha, upande wa chini kwenye joto, ikamwagiza mashati ya wanachama. Alipoyapeleka alisikia milio, akashikilia mlango wa gari akashindwa kushuka. Mwalimu wao, mama mmoja anaitwa Ruguru, hakumbembeleza. Alimletea vifaa vya kuziba masikio akamwambia leo usishike kitu, kaa tu usikie. Mara ya tatu ndiyo alishika. Alituambia kwamba alilia akiwa ameishika, na kwamba risasi ya tano ilipiga karibu na katikati. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Amekuwa akitumia bastola ya klabu, ile ya wanaojifunza, lakini mwezi wa tisa kuna mashindano ya wageni katika mchezo na Ruguru amemwambia umefika wakati wa kuwa na yake.

Profesa akaanza. Alisema achukue ndogo kabisa, maana mkono wa mwanamke ni mdogo na pia inaingia kwa mkoba. Wambeti akamwambia haendi nayo sokoni.

Ghala alikuwa ameangalia tope. Akaongea bila kuinua macho.

— Ndogo ndiyo mbaya. Ndogo inakuruka mkononi kama jogoo. Chukua kubwa, nzito. Uzito wake ndio unameza lile teke.

— Mwalimu pia alisema hivyo, Mzee.

— Milimita tisa. Hiyo risasi yake inapatikana. Na chukua aina ambayo watu wengi wako nayo, kitu kikiharibika usikae mwaka ukingoja kipuri. Kidole kifike kwa triga bila kujivuta. Za kurembwa wachana nazo kwanza. Piga na tano tofauti kabla hujasema ni hii.

Yalikuwa maneno mazuri, lakini aliyasema kama mtu anayekuelekeza njia ya mahali ambapo yeye mwenyewe hataki kufika. Profesa akamuuliza kama bado yuko na yake. Ghala akasema siku ya kustaafu alirudisha funguo, akaenda nyumbani, akalala siku mbili.

Hapo ndipo woga uliingia kwenye mazungumzo, na ukishaingia kwa benchi hautoki haraka. Satelaiti alitaka kujua ni watu wangapi wanajua. Karani wa fomu anajua. Aliyemchukua alama za vidole anajua. Muuzaji atajua. Sasa hata benchi linajua. Alisimulia habari ya mkulima fulani aliyefuatwa kutoka dukani hadi kwake, wezi wakaruka ng'ombe wawili wa maziwa na televisheni, wakaenda moja kwa moja hadi kwa kabati ya bastola. Mkulima alikuwa amemwambia mke wake tu.

Profesa akasema hiyo ni kidogo, hatari kubwa ni risasi zenyewe. Ukiziweka karibu na jikoni zinapata joto, na siku moja unapika githeri zinaanza moja moja. Ghala alimwambia joto la jikoni halifikii hapo. Profesa akasema maabara amefanya yeye.

Satelaiti akaongeza kwamba hizi za siku hizi ziko na kitu ndani, kama laini ya simu, na kuna mtu mahali amekaa anaona uko wapi nayo. Mimi, na bado naona haya, nikasema inawezekana, maana nimewahi kutengeneza simu iliyokuwa inajiwasha yenyewe. Tuliendelea hivyo. Kila mmoja alitoa lake, na kila lililotoka lilikuwa linatisha kuliko la mwenzake. Wambeti alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi.

Katikati ya haya alikuwa amekuja mteja. Ni muuguzi anaitwa Winrose, ametoka Meru, amehamishiwa hospitali ya hapa mwezi huo tu, na alikuwa amekuja kupunguziwa sare. Wambeti alimwambia bado kidogo, naye akakaa pale mwisho wa benchi na mwavuli wake kwa magoti. Hakuna aliyemjali sana.

Lori likapita barabarani na tairi likapasuka.

Kahawa yangu ilinimwagikia mapajani. Profesa aliinama kichwa katikati ya magoti. Ghala, mzee wa miaka sitini na saba, alikuwa tayari amelala kwenye tope, mikono juu ya kichwa. Wambeti peke yake hakusogea.

— Ni tairi, alisema.

Akaweka kikombe chini, akamsaidia Ghala kuinuka, akaleta kitambaa akampangusa koti. Hatukumcheka. Nafikiri ni wakati huo tuliona kwamba woga wote tuliokuwa tumemrundikia ulikuwa wetu, na kwamba yeye alikuwa ameutoka kitambo. Tungekuwa watu wa maana tungenyamaza.

Lakini Profesa alikuwa amefedheheka na alitaka kurudisha heshima. Akasema kwa sauti ya chini kwamba shida ya hiyo kitu si wezi wala joto. Shida ni kwamba ikiwa ndani ya nyumba, kila mtu wa nyumba hiyo anajua iko. Anaweza kuwa analala, anajua iko. Anakula, anajua iko.

— Inakuwa kama inaita, alisema.

Winrose akafunga mwavuli vizuri, akageukia upande wetu.

— Samahani, dada. Nyumbani unaishi na nani?

— Na ndugu yangu. Kinyua.

— Ako sawa?

Hilo ni swali la kila siku. Unaulizwa sokoni, unajibu ako sawa, unaendelea. Wambeti akamwangalia Satelaiti, Satelaiti akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia barabara.

Kinyua ni mdogo wake, wa miaka ishirini na tisa. Alirudi kutoka Nairobi mwezi wa pili baada ya kampuni yao kufunga, na mwanzoni alikuwa anakaa hapa nasi, anatuchekesha. Kisha akaacha kuja. Ukimkuta njiani alikuwa anakusalimia vizuri kabisa, kama mtu anayesalimia kwa niaba ya mwingine. Mwezi wa tano alinipa simu yake nzuri. Nilimuuliza atatumia nini, akasema hana wa kumpigia. Nilimshukuru. Profesa alipewa vitabu, sanduku zima. Na Satelaiti alipewa koti la ngozi, lile ambalo Kinyua alikuwa analipenda hata hawezi kukaa nalo vibaya, na siku hiyo, wakati muuguzi anauliza, Satelaiti alikuwa amelivaa.

Tulipokea vyote. Kila mmoja wetu alikuwa na chake nyumbani, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Satelaiti alivua koti pale kwa baridi, akalikunja, akaliweka kwa magoti.

— Alinipa, alimwambia Wambeti. Sikuliomba.

Ndipo mimi nikasema ya simu, na Profesa akasema ya vitabu. Wambeti alisikiliza akiwa amesimama. Uso wake ulirudi ule wa mwaka wa kwanza, ule wa chini ya meza. Akasema yeye alikuwa amefikiria wezi. Amenunua hata kufuli mpya. Fundi amekuja kupima ukuta wa chumba chake ili sefu ya bastola ishikizwe kwa simiti, na Kinyua ndiye alikuwa amemshikia fundi utepe wa kupimia.

Hakufunga duka. Alitoka tu, sare ya muuguzi ikiwa bado chini ya sindano, na Winrose akainuka akamfuata, akamuuliza kama anaweza kumsindikiza. Sisi tulibaki na thamosi. Ilikuwa bado na kahawa nusu na hakuna aliyeigusa. Ghala alikaa akilinda duka mpaka giza likaingia, na sijui alikuwa anafikiria nini, lakini mara moja alisema kwamba katika miaka yake ya funguo walipoteza askari watatu, na hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi na mwizi.

Yaliyotokea nyumbani Wambeti alitusimulia baada ya wiki mbili hivi, akiwa anashona, bila kutuangalia. Njiani Winrose alimwambia amuulize Kinyua wazi wazi, asizunguke, na kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana. Wambeti alisema kutoka benchi hadi nyumbani ni dakika kumi na mbili, na kwamba aliogopa zile dakika kuliko alivyoogopa Nkubu.

Walimkuta nje ya jikoni anachagua maharagwe. Winrose alibaki langoni. Wambeti akakaa kwa jiwe karibu naye, akachukua maharagwe kidogo akaanza kuchagua pia, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Kisha akauliza.

— Kinyua, unafikiria kujiua?

Aliendelea kuchagua. Alitoa mabaya matatu, manne, akayatupa kando.

— Nilikusikia kwa simu ukisema cheti kimetoka, Kinyua akasema. Nikafurahi juu yako. Kweli nilifurahi.

Akaweka sinia chini.

— Usiilete hapa.

Hakusema lingine jioni hiyo, na Wambeti hakumlazimisha. Alilala sakafuni kwa chumba cha Kinyua, na kabla ya kulala alikusanya dawa ya kunyunyizia kahawa na kamba ya mbuzi akampa Winrose aondoke nazo. Asubuhi walienda hospitali wakiwa watatu. Walimpokea Kinyua. Sasa ana siku yake ya kwenda, kila Alhamisi, na ana dawa ambazo anasema zinamfanya asinzie kama kuku wa mvua.

Bastola amechagua. Jumamosi ile nyingine Ghala alimsindikiza hadi kwa klabu, akakaa mbali na masikio yameziba, na Wambeti akapiga na tano tofauti kama alivyoambiwa. Ya nne ndiyo ilikaa mkononi: kubwa, nzito, ya kawaida, imetumika kidogo, na alama za kulengea za chuma tu. Kidole chake kilifika kwa triga bila kujivuta. Akairudisha mezani akamwambia Ruguru ni hii, lakini si sasa, na ataendelea na ya klabu. Ruguru alimuuliza mpaka lini. Wambeti akasema hajui. Mwezi wa tisa alishindana na ya kuazima akawa nambari kumi na tisa kati ya ishirini na tatu, na cheti chake cha serikali kiko kwa droo ya vifungo.

Vitu vya Kinyua tulivirudisha. Simu niliichaji kwanza. Kinyua alivipokea akasema asante, nasi tukasema habari za mvua.

Bado tunaogopa, sitaficha. Alhamisi ikifika saa nne asubuhi kabla hatujamwona akipita kwenda hospitali, Satelaiti anavaa kofia ya pikipiki aende kumtafuta. Mara mbili amemkuta njiani, amechelewa tu. Mara moja alimkuta bado kitandani, uso umegeukia ukuta, akasema leo haendi. Satelaiti hakubishana. Alikaa kwa mlango akamngojea, na saa sita kasorobo Kinyua akaamka, akauliza viatu vyake viko wapi.